Deni la Vita vya Wengine



Liko swali ambalo watu huliuliza kwa wepesi kuhusu jirani zetu wa kusini. Msumbiji ina gesi asilia nyingi chini ya bahari. Ina rubi za Montepuez na makaa ya mawe ya Tete. Ina bandari za Maputo, Beira na Nacala, na ina bwawa la Cahora Bassa kwenye mto Zambezi, mojawapo ya mabwawa makubwa ya umeme Afrika. Iweje basi ihesabiwe miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani? Anayeuliza mara nyingi amekuja na jibu lake mfukoni: rushwa, uvivu, uongozi mbovu. Leo nataka kusema kwamba jibu hilo limeruka vita ambavyo Wamsumbiji wenyewe huviita vita vya miaka 16. Vita hivyo vilipangwa na kugharamiwa kutoka nje ya mipaka yao, na hasara yake mpaka leo hajailipa aliyeileta. Anailipa mkulima wa Zambezia, anailipa mvuvi wa Cabo Delgado.

Tuanzie Juni 1975. Msumbiji inapata uhuru wake chini ya Samora Machel na chama cha Frelimo. Chama hicho kilizaliwa hapa Dar es Salaam Juni 1962. Kiongozi wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa hapa hapa Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Wapiganaji wake walifunzwa Nachingwea. Kwa hiyo tunapoizungumza Msumbiji hatuzungumzi habari za watu wa mbali.

Machel alirithi nini? Zaidi ya watu 90 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Wareno waliondoka kwa maelfu, na baadhi yao waliharibu mashine na magari kabla ya kuondoka. Nchi nzima ilibaki na madaktari wasiozidi 100. Ungetegemea nchi kama hiyo ikae chini ilie. Haikulia. Ilipeleka chanjo vijijini, na kampeni ile ikawafikia zaidi ya asilimia 90 ya wananchi. Idadi ya watoto katika shule za msingi iliongezeka karibu mara mbili ndani ya miaka michache. Zahanati zilijengwa mahali ambapo mzazi hakuwahi kumwona mganga wa hospitali. Naomba mlishike hilo, kwa sababu nitalirudia: nchi ile ilikuwa imeanza kutembea.

Adhabu ya kwanza haikuja kwa risasi. Kwa miaka mingi vijana wa kusini mwa Msumbiji walikuwa wakienda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, na mishahara yao ndiyo iliyolisha familia za mikoa ya Gaza na Inhambane. Mwaka 1975 walikuwa zaidi ya 100,000. Serikali ya Makaburu ikapunguza idadi hiyo, na ndani ya miaka miwili haikufika nusu. Kisha ukavunjwa mpango wa zamani uliokuwa ukiipatia Msumbiji dhahabu kwa bei nafuu kutokana na sehemu ya mishahara ile. Mizigo iliyozoea kupita bandari ya Maputo nayo ikaanza kuelekezwa kwingine. Hakuna bunduki iliyolia, lakini fedha za kigeni za taifa changa zilikatwa.

Machi 1976 Machel akafunga mpaka na Rhodesia ya Ian Smith, akitekeleza vikwazo vilivyotangazwa na Umoja wa Mataifa. Reli na bandari ya Beira zikapoteza mapato yao makubwa. Nchi maskini ilitii uamuzi wa dunia, na dunia ikairudishia sehemu ndogo tu ya ilichopoteza. Rhodesia haikusamehe. Idara yake ya ujasusi ikawakusanya Wamsumbiji waliokuwa wameudhika na serikali mpya, pamoja na askari wa zamani wa jeshi la Wareno, ikawapa silaha na mafunzo, na hata kituo cha redio cha kutangaza dhidi ya Frelimo. Ndivyo ilivyozaliwa Renamo. Kamanda wake wa kwanza, André Matsangaíssa, aliuawa Gorongosa mwaka 1979, na Afonso Dhlakama akashika nafasi yake. Mwaka uliofuata Rhodesia ikawa Zimbabwe. Renamo ilikuwa imebaki yatima, lakini jeshi la Afrika Kusini likaichukua, likaihamishia kambi zake Transvaal, na likaanza kuwaangushia wapiganaji wake silaha kwa ndege.

Hapa tujiulize: Makaburu walitaka nini? Wangetaka kuiteka Maputo, walikuwa na jeshi la kutosha. Jibu limo kwenye ramani. Zimbabwe, Zambia na Malawi hazina bahari. Bandari iliyo karibu zaidi na Harare ni Beira. Iwapo reli ya Beira inafanya kazi, na ya Nacala inafanya kazi, nchi hizo zinaweza kusafirisha shaba, tumbaku na chai bila kumpigia magoti Kaburu. Hilo ndilo lililokuwa lengo la nchi zilizokutana Lusaka mwaka 1980 zikaunda SADCC. Lakini reli ikilipuliwa, madaraja yakiangushwa na matangi ya mafuta ya Beira yakichomwa, mizigo yote itashuka Durban, na Pretoria itakusanya nauli na kuamuru. Malawi ilifika mahali reli zake zote mbili za kwenda baharini zimekatwa, ikalazimika kusafirisha mizigo yake maelfu ya kilomita. Hatimaye ilitafuta pia njia ya kupitia Mbeya hadi Dar es Salaam.

Kwa hiyo vita ile haikuhitaji mshindi. Ilihitaji Msumbiji isisimame, basi. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini vilichomwa vitu ambavyo askari wa kawaida havimhusu.

Shule zilichomwa. Kufikia mwisho wa vita, zaidi ya nusu ya shule za msingi zilikuwa zimebomolewa au kufungwa. Walimu waliuawa au kutekwa. Zahanati zilivunjwa, zile zile zilizokuwa zimetoa chanjo. Nguzo za umeme wa Cahora Bassa ziliangushwa moja baada ya nyingine, karibu nguzo 2,000, na bwawa lile kubwa likakaa miaka mingi likizalisha umeme kidogo mno, huku hospitali zikiwasha mishumaa. Mwezi Julai 1987, katika mji mdogo wa Homoine mkoani Inhambane, waliuawa watu 424 kwa hesabu ya serikali, wakiwemo wagonjwa waliokuwa vitandani hospitalini. Watoto walitekwa na kufanywa askari, wengine wakilazimishwa kuua ndugu zao ili wasiwe na pa kurudi.

Tena msisahau duka la kijiji. Watu wa mijini hawajui uzito wa duka hilo. Mkulima huuza mahindi au korosho ili anunue chumvi, sabuni, jembe na kitenge. Duka likichomwa, na lori la mfanyabiashara likiogopa kuja, mkulima hana sababu ya kulima zaidi ya anachokula. Halafu hata hicho hakilimi, kwa sababu usiku analala porini kuwakimbia watekaji, na shambani kumetegwa mabomu. Mji nao unakosa chakula. Serikali inakosa mazao ya kuuza nje, inakosa fedha za kununua mafuta, lori lililobaki nalo linasimama. Mwaka 1983 ukame ulipokuja, ukakuta nchi imefungwa miguu na mikono. Njaa ya mwaka huo na uliofuata iliua watu wanaokadiriwa kufika 100,000. Tunasema waliuawa na ukame, lakini ukame ulikuta magari ya chakula hayawezi kupita.

Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipiga hesabu ya hasara ya hujuma hizi. Kwa Msumbiji peke yake, tangu 1980 hadi 1988, ilikuwa dola bilioni 15. Vita vilipokwisha, watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa kwa silaha, njaa na maradhi, katika nchi iliyokuwa na watu kama milioni 15. Zaidi ya milioni moja na nusu walikuwa wakimbizi, na wengi wao walipokewa na Malawi, nchi ndogo na maskini vile vile.

Wasikilizaji, nitakuwa sijawatendea haki nikiishia hapo, kana kwamba mkono wa nje ulifanya kazi peke yake. Mkono wa nje huingia penye ufa. Frelimo, chama tulichokipenda, kilifanya makosa mazito. Kiliwakusanya watu kwa nguvu katika vijiji vya pamoja mbali na mashamba yao na makaburi ya wazee wao. Kiliwadharau machifu na kuzibana dini. Kilifungua kambi za kurekebishia watu ambako wengi walikufa. Mwaka 1983, katika operesheni iliyosemwa kuwa ya uzalishaji mali, maelfu ya wakazi wa miji walikamatwa kwa kosa la kukosa kitambulisho au kazi, wakasombwa hadi Niassa, ng'ambo ya mto Ruvuma, wakatelekezwa porini. Mtu aliyetendewa hivyo hakuhitaji Kaburu amfundishe chuki. Ndiyo maana vita vilivyopandwa na majasusi viliota mizizi ya kienyeji, na ndiyo maana uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Oktoba 1994, uliipa Renamo viti 112 kati ya 250. Wananchi wale hawakuwa wamelazimishwa kwa mtutu kwenye sanduku la kura. Walikuwa wanasema jambo, na lilipaswa kusikilizwa miaka 15 kabla.

Lakini tusiruhusu ukweli huo utumike kuusafisha ule wa kwanza. Makosa ya serikali ya nyumbani hurekebishwa na watu wa nyumbani, kwa kelele, kwa migomo, kwa mabadiliko ya viongozi. Vita iliyogharamiwa kutoka nje huondoa nafasi hiyo. Anayelalamika anaitwa msaliti. Serikali inayokosea inapata kisingizio. Fedha ya shule inakuwa fedha ya risasi. Huo ndio ubaya ambao hauonekani kwenye hesabu ya dola bilioni 15.

Nchi iliyochoka kwa vita pia haina sauti mezani. Machi 1984 Machel alikubali kutia saini Mkataba wa Nkomati na Pieter Willem Botha. Msumbiji iliwaondoa wapiganaji wa ANC. Afrika Kusini iliahidi kuiacha Renamo. Msumbiji ilitimiza. Agosti 1985, makao makuu ya Renamo huko Gorongosa yalipotekwa, zilikutwa nyaraka zilizoonyesha kwamba jeshi la Afrika Kusini liliendelea kuisaidia Renamo wakati wino wa mkataba haujakauka. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 19 Oktoba 1986, ndege ya Machel ilianguka Mbuzini, ndani ya ardhi ya Afrika Kusini. Yeye na wenzake 34 walifariki dunia, na chanzo chake kinabishaniwa hadi leo. Katika miaka hiyo Msumbiji haikuachwa peke yake: askari wa Zimbabwe walikuwa wakilinda njia ya Beira, na askari wetu wa Tanzania walikwenda Zambezia. Waliofia katika ardhi ile tunapaswa kuwakumbuka kwa heshima.

Pamoja na mkono wa bunduki ukaja mkono wa pili, huu ukiwa na kalamu. Mwaka 1984 Msumbiji ilijiunga na Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia, na mwaka 1987, vita ikiwa inawaka, ikaanza mpango wa kurekebisha uchumi kwa masharti yao. Siwalinganishi wakopeshaji na wauaji. Nasema tu kwamba nchi iliyopigwa mpaka ikaanguka haiwezi kukataa sharti. Chukueni korosho, ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, zao mnalolijua. Kabla ya uhuru Msumbiji ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa korosho duniani, tena ilikuwa na viwanda vya kubangua. Vita ikakata ukusanyaji wa zao hilo. Amani iliporudi, katikati ya miaka ya 1990, Benki ya Dunia ikataka kodi ya kusafirisha korosho ghafi ipunguzwe. Korosho zikaenda kubanguliwa India. Viwanda vikafungwa, na karibu wafanyakazi 10,000, wengi wao wanawake, wakapoteza ajira. Kazi iliyonusurika vita haikunusurika masharti.

Nani basi aliyeizima vita ile? Mkataba wa amani ulitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992 na Joaquim Chissano na Dhlakama. Wasuluhishi walikuwa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, wakiwa na Jaime Gonçalves, Askofu Mkuu wa Beira. Walizungumza miaka miwili. Ni kweli kwamba ukaburu ulikuwa unakufa na Vita Baridi vilikuwa vimekwisha, wafadhili wa vita wakakauka. Hilo lenyewe ni ushahidi: fedha za nje zilipokauka, ndugu wakaweza kuzungumza. Baadaye Baraza la Kikristo la Msumbiji, likiongozwa na Askofu Dinis Sengulane, likaanza kukusanya bunduki kwa wananchi na kuwapa majembe, baiskeli na cherehani. Vijijini, wazee na waganga waliwapokea vijana waliorudi kutoka porini na mikono yenye damu, wakawafanyia matambiko ya kuwatakasa, wakawarudisha kwa mama zao. Kazi hiyo haikuwa na bajeti ya kimataifa, nayo iliponya wengi.

Lakini amani haikufuta hasara. Kazi ya kutegua mabomu ilichukua zaidi ya miaka 20, na ni Septemba 2015 ndipo Msumbiji ilipotangazwa kuwa huru na mabomu ya ardhini yaliyojulikana. Graça Machel, aliyekuwa waziri wa elimu wakati shule zake zinachomwa, mwaka 1996 aliukabidhi Umoja wa Mataifa ripoti kubwa juu ya athari za vita kwa watoto. Kizazi kilichokosa darasa mwaka 1985 ndicho kilichopaswa kutoa wahandisi na wakaguzi wa hesabu wa mwaka 2010, mwaka ambao gesi kubwa iligunduliwa bonde la Ruvuma.

Matokeo tumeyaona. Mwaka 2013 na 2014, watu wachache serikalini, pamoja na mabenki ya Ulaya, walikopa kwa siri dola bilioni 2 kwa jina la taifa, kwa dhamana ambazo bunge halikuziidhinisha. Siri ilipofichuka mwaka 2016, wafadhili wakasimamisha misaada na thamani ya fedha ikaporomoka. Aliyekuwa waziri wa fedha, Manuel Chang, alipatikana na hatia mjini New York mwaka 2024. Rushwa ipo, sikatai. Lakini mwenye kuhonga alitoka wapi, na mkopeshaji alikuwa nani?

Na tarehe 5 Oktoba 2017 moto ukawaka Mocímboa da Praia, Cabo Delgado, pwani ambako Kimwani na Kiswahili husikika sokoni na msikitini. Vijana waliofukuzwa kwenye machimbo ya rubi, wavuvi waliohamishwa kupisha mitambo ya gesi, mkoa ambao ulikuwa nyuma kwa shule na barabara: ufa ulikuwa wazi. Wahubiri wa siasa kali na wafadhili wao wakaingia humo. Machi 2021 Palma ilishambuliwa, na kampuni ya TotalEnergies ikasimamisha mradi wake wa gesi. Wakaja mamluki, wakaja askari wa Rwanda, wakaja wa SADC. Watu waliokimbia makazi yao walifikia karibu milioni moja. Moto huo uliruka mto Ruvuma pia. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, Mtwara, kilishambuliwa, na miongoni mwa wapiganaji wamo vijana waliotoka upande wetu. Kwa hiyo sisi Watanzania hatuwezi kukaa kama watazamaji.

Nini kifanyike? Kwanza, anayevuka Ruvuma akikimbia kuchinjwa apokewe. Wazee wetu waliwapokea Wamakonde, Wamakua na Wayao miaka ya 1960, wakati sisi wenyewe hatukuwa na kitu. Pili, serikali zetu zote mbili zizibe ufa kabla haujawa ukuta wa kujenga upya: barabara, shule, maji, na haki ya mvuvi na mchimbaji mdogo katika utajiri uliogunduliwa chini ya miguu yake. Askari akilinda kiwanda cha gesi huku kijiji cha jirani hakina kisima, anailinda sababu ya vita pia.

La mwisho ni kubwa zaidi. Mwaka 1998 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini iliandika kwamba wahanga wengi zaidi wa juhudi za serikali ya Makaburu kung'ang'ania madaraka walikuwa nje ya Afrika Kusini. Imeandikwa. Imekubaliwa. Na Msumbiji haijalipwa. Sidai fidia hiyo kwa Mwafrika Kusini maskini, ambaye naye alikandamizwa. Nadai kwamba madeni ya nchi iliyobomolewa kwa makusudi yahesabiwe pamoja na ubomoaji huo. Mkopeshaji anapokaa mezani na Maputo, zile dola bilioni 15 ziwepo kwenye karatasi. Benki iliyokopesha kwa siri ibebe hasara yake. Serikali yoyote inayopeleka silaha katika nchi ya watu, leo Msumbiji, kesho Kongo au Sudan, ijue kwamba jina lake litaandikwa na hesabu itapelekwa kwake.

Na sisi wa kawaida, tuanze kwa kuacha lile jibu la wepesi. Mtu akiuliza mbele yako kwa nini Msumbiji ni maskini, mweleze habari za shule zilizochomwa, nguzo zilizoangushwa, na waliolipa gharama ya kuziangusha. Nchi ile ilikuwa imeanza kutembea, ikavunjwa miguu, na aliyevunjwa miguu hatukanwi kwa kuchechemea.